Shule za Nasari za Lodwar na Kakuma, na Watoto Wanaofichwa Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa gengi la njia.



Nilipoomba nafasi ya kusema juu ya shule za nasari, Ndugu mmoja wa karakana alicheka akaniuliza, "Tangu lini mtu wa gengi amekuwa mwalimu wa watoto?" Sikukasirika. Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikashika nyundo na mtaimbo. Lakini ninaye mpwa ambaye ni kiziwi, na mwezi wa sita nilikwenda likizo nyumbani Turkana, nikakaa Lodwar siku tisa na Kakuma siku nne. Niliyoyaona huko nimeona si haki kuyaweka moyoni peke yangu.

Wengi wenu hamjafika kule, kwa kuwa gari la moshi halifiki. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, ikakoma hapo. Kutoka Kitale mtu hupanda basi, akapita Kapenguria, Marich, Kainuk na Lokichar, hata akafika Lodwar, kiasi cha kilomita 300. Wazee wa chama wanaijua Lodwar kwa sababu Mzee Kenyatta aliwekwa huko mwaka 1959 baada ya kifungo chake cha Lokitaung. Kakuma iko mbele zaidi, kama kilomita 120, kwenye njia ya kwenda Sudan Kusini, na kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992.

Sasa khabari yenyewe. Mpwa wangu ana miaka mitano. Alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Mungu alimponya, lakini masikio hayakurudi. Mama yake, ambaye ni dada yangu, anakaa Lodwar na kazi yake ni kusuka vikapu vya mkoma. Mwaka jana alimpeleka mtoto kwenye nasari iliyo karibu na nyumba. Wakamtazama mtoto, wakampigia makofi nyuma ya kichwa, hakugeuka. Wakamwambia dada, "Mama, huyu mpeleke shule yao." Shule yao iko wapi, hawakusema. Dada akanipigia simu akilia.

Hapa, Ndugu zangu, sina budi kusema aibu yangu. Mimi ambaye kila mkutano nasimama nikidai haki za wafanya kazi, nilimjibu hivi: "Basi mwache nyumbani alinde mbuzi, akikua tutaona." Nikakata simu, nikaenda kula.

Wala sikuwa na sababu ya kutojua. Katika shule ile ya misheni niliyosoma, kulikuwa na mvulana aliyeketi dawati la mwisho. Mwalimu alisema akiwa amegeukia ubao, kisha akageuka ghafula na kuuliza swali. Mvulana yule hakujibu hata siku moja. Akachapwa fimbo kwa ukaidi. Alichapwa Jumatatu, akachapwa Jumanne, na sisi tulicheka. Alipofika darasa la pili aliacha shule. Leo anachunga ngamia upande wa Lokichoggio. Tulipokuwa watu wazima nilionana naye, nikazungumza naye uso kwa uso, naye akanijibu vizuri kabisa huku akiyatazama midomo yangu. Nilipogeuka kuangalia barabara, hakujibu tena. Ndipo nikaelewa kwamba kwa miaka miwili tulimpiga mtoto kwa sababu hakusikia.

Bahati njema dada yangu hakunisikiliza. Alisikia kwa jirani kwamba iko nasari nyingine, mbele kidogo, ambapo mwalimu hawafukuzi watoto wa namna hii. Akampeleka. Mwalimu akamwandikisha siku ile ile, kisha akahakikisha kwamba mtoto anapimwa masikio. (Vituo vya Wizara ya Elimu vya kupima watoto wenye mahitaji ya pekee vilianza nchini mwaka 1984, lakini wazazi wengi hawajui kwamba viko.) Basi nilipofika likizo nilikwenda kuiona nasari hiyo kwa macho yangu.

Ni banda la mabati, ukuta upande mmoja na pande tatu wazi, chini ya miti ya mathenge, si mbali na mto Turkwel. Watoto ni arobaini na wawili, mwalimu mmoja, na mama mmoja wa kupika uji. Mwalimu aliniambia, "Karibu Mjomba, lakini hapa hakuna mgeni wa kukaa bure," akanipa ndoo ya vizibo vya soda nivioshe. Nilikaa siku tatu.

Katika wale arobaini na wawili, mmoja ni mpwa wangu asiyesikia. Yuko mvulana ambaye macho yake yanaona kivuli tu. Yuko mwingine ambaye miguu haimbebi, huletwa mgongoni na kaka yake. Na yuko msichana ambaye akili yake ni nzito, jambo analolishika mwenzake kwa siku moja yeye hulishika kwa mwezi. Waliobaki ni watoto kama wengine, watundu na wenye njaa.

Asubuhi kila mtoto ananawa uso kabla ya kuingia. Nilidhani ni usafi tu, lakini mwalimu akaniambia kwamba hilo ni somo, limo katika shughuli za mazingira. Turkana ina ugonjwa wa trakoma, ambao huenezwa na uchafu wa macho na nzi, na ukiachwa hupofusha. Debe lile la maji linawalinda wenye macho mazima.

Kisha likaja somo la hesabu. Mimi nilingoja kuona namba ubaoni. Hakuandika namba. Alitandaza mikeka, akamwaga kokwa za mkoma, vizibo na vijiti, akawaambia watenge kila kitu na mwenziwe, kisha wapange kutoka kidogo hata kikubwa, kisha wahesabu. Mpwa wangu alimaliza wa kwanza, maana kazi hii haina haja ya masikio. Yule asiyeona vizuri alifanya kwa vidole, akitambua kokwa kwa ukwaruzo na kizibo kwa meno yake. Yule wa miguu alikuwa mkekani kama wote. Siku ile hakuna aliyekaa kitini. Nikamwuliza mwalimu kwa nini, naye akasema, "Nikimketisha yeye peke yake chini, nimekwisha kuwafundisha wengine arobaini na mmoja kwamba yeye ni wa chini."

Baadaye ikawa hadithi, ya fisi na ngamia, kwa Kiturkana. Hapa niliangalia sana. Mwalimu alichagua mahali pa kusimama ambapo mwanga unamwangukia usoni, kwa sababu mwanga ukiwa nyuma yake midomo inaingia gizani na mpwa wangu hasomi kitu. Alisimulia kwa mdomo, na mikono yake ikawa inasema yale yale kwa lugha ya ishara. Wakati huo huo ngamia wa udongo na fisi wa udongo walikuwa wakipita mikononi mwa watoto, wakianza kwa yule asiyeona. Na kila hadithi ilipofika pahali pa hatari, watoto wote walipiga miguu chini kwa pamoja, na yule kiziwi aliihisi kwenye nyayo zake.

Ndugu wa reli, hapo ndipo nilipoelewa, kwa kuwa jambo hili tunalijua sisi kuliko waalimu wengi. Gengi likiondoa reli njiani, twamwonyaje dereva? Kanuni za kazi hii tangu zamani zinasema: weka bendera nyekundu, aione. Je, kukiwa na ukungu? Funga vile vibati vya baruti juu ya reli, gurudumu likipita vilie, asikie. Na usiku je? Taa. Khabari ni moja tu, "Simama", lakini tunaipeleka kwa njia mbili au tatu, kwa sababu hatujui dereva atakuwa katika hali gani. Hakuna mtu aliyewahi kusema, dereva asiyeona bendera katika ukungu ni dereva mbovu, apelekwe kwenye reli yao. Tumekubali zamani kwamba alama ndiyo inayomfuata mtu. Mwalimu yule anafanya hivyo hivyo, na wale watoto thelathini na wanane wasio na ulemavu hawapotezi kitu. Wanasikia, wanaona na kushika, wakaelewa mara tatu.

Watu husema kwamba hii ni hisani ya mwalimu mmoja mwenye huruma. Hapana. Ndivyo mtaala unavyotaka. Mtaala huu wa umilisi ulianza nchi nzima mwaka 1989 au mwaka gani? Nasikia mtu huko nyuma anabahatisha! Ulianza mwaka 2019, na nasari ni miaka miwili, PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka minne na mitano. Masomo huitwa shughuli: za lugha, za hesabu, za mazingira, za ubunifu, na za dini. Lugha ya kufundishia ni ile ya mahali, yaani Lodwar ni Kiturkana. Hakuna mtihani wa kumpanga mtoto wa kwanza na wa mwisho. Mwalimu hutazama na kuandika kile mtoto anachoweza leo ambacho jana hakukiweza.

Mwalimu yule ana daftari, na kila mmoja wa wale wanne ana kurasa zake. Kwa mpwa wangu imeandikwa kazi ya muhula huu: ajue ishara ishirini, angoje zamu yake ya pembea, ashike penseli vizuri. Ni hayo tu. Kwa msichana mwenye akili nzito: avue na kuvaa viatu mwenyewe, atambue jina lake. Mama huitwa mara moja kwa mwezi wakalisoma pamoja. Na kwa mtoto ambaye hata njia hii haimfai kabisa, mtaala una njia nyingine ya kwenda hatua kwa hatua bila kufuata umri wala darasa.

Yule asiyeona anatayarishwa kwa maandishi ya Breli, ambayo kila herufi hutoka katika nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia. Vifaa vyake hamtaamini. Ni kipande cha trei la mayai chenye mashimo sita, na kokwa za mkoma za kutia ndani. Kokwa moja shimo la juu kushoto ni A. Ongeza ya pili chini yake ni B. Ongeza ya tatu ni L. Mvulana yule alinifundisha mimi, na nilipokosea alinicheka sana.

Sheria nayo iko. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima, na kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu aingie katika shule zilizo ndani ya jamii, na atumie ishara au Breli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto wakati wa kumwandikisha. Nasari ziko chini ya serikali za kaunti. Na katika dunia, mataifa yaliokutana Salamanca, Hispania, mwezi wa Juni mwaka 1994, yalikubaliana kwamba shule ya kawaida iwapokee watoto wote. Basi yule aliyemwambia dada yangu "shule yao" alikuwa akivunja sheria, na mimi niliyesema "alinde mbuzi" nilimsaidia kuivunja.

Kutoka hapo nilikwenda Kakuma, kwa binamu yangu. Yeye alinipeleka kambini kwenye darasa la watoto wadogo. Lo! Watoto walizidi mia, katika chumba kimoja, na mwalimu mmoja kijana, mkimbizi mwenyewe. Walikuwapo wa kutoka Sudan Kusini wenye kusema Kinuer na Kidinka, Wasomali, Wakongo, Warundi. Kijana yule alifanya jambo la akili. Alitundika picha ukutani kwa kamba: bakuli la uji, mpira, kitabu, mkeka wa kulala. Kila kazi ikifika anaipindua picha, na watoto wote wanajua linalofuata. Akaniambia picha zile alizichora kwa ajili ya mtoto mmoja asiyesema, lakini zilisaidia chumba kizima, maana katika chumba kile kila mtoto ni kiziwi mbele ya lugha ya mwenzake.

Lakini niliona pia jambo lingine. Mlangoni aliketi msichana mwenye miguu iliyopooza. Asubuhi nzima aliketi. Wenzake walitoka kucheza, yeye alibaki akiwatazama. Uji ulipokuja alipewa. Nikauliza, nikaambiwa, "Huyo yumo katika rejista, ameandikwa kama mwenye ulemavu." Ndiyo, ameandikwa, na nina hakika anahesabiwa katika ripoti yoyote itakayopelekwa. Hakuna aliyemfundisha neno. Simlaumu kijana yule. Mtu mmoja na watoto mia hana mikono ya kutosha. Lakini nasema kwamba kumwingiza mtoto mlangoni si kazi iliyokwisha, ni kazi iliyoanza. Ukimweka kiziwi katika darasa ambalo hakuna ishara, umempa kiti tu.

Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya kwamba nazipinga shule za viziwi. Nilimwuliza mwalimu wa Lodwar, akanijibu bila kujisifu. Alisema lugha ya ishara ya Kenya ni lugha kamili, ina sarufi yake, na yeye amejifunza kidogo tu, kwa likizo, kwa fedha zake mwenyewe. Mtoto kiziwi anahitaji kukaa na watu wanaoisema lugha hiyo tangu asubuhi hata jioni, kama vile mtoto wetu anavyoipata lugha kwa mama. Hivyo kila Ijumaa humwalika fundi cherehani mmoja wa sokoni, ambaye ni kiziwi, aje aketi na watoto kwa saa moja. Nilimwona. Mpwa wangu alipomwona mtu mzima mwenye kazi yake, mwenye tepu ya kupimia shingoni, akisema kwa mikono na watu wakimwelewa, hakumwacha tena, alimfuata mpaka barabarani. Pengine atakapokuwa mkubwa atakwenda shule ya viziwi ya bweni. Lakini ataenda akiwa na lugha, akiwa amekwisha kucheza na watoto wa mtaani kwake, nao wanajua kumwita. Sasa hivi watoto kumi au zaidi pale mtaani wanajua ishara za maji, njoo, mpira, na "umedanganya". Hiyo ya mwisho waliijifunza wa kwanza.

Sasa, Ndugu wa chama, nakuja kwenye jambo linalotuhusu sisi kwa jina. Nimemsifu mwalimu yule, lakini sifa hazinunui unga. Waalimu wengi wa nasari wameajiriwa na kaunti kwa mikataba, na mshahara wao uko chini sana ya ule wa mwalimu wa shule ya msingi aliyeajiriwa na Tume. Kambini mwalimu mkimbizi hulipwa posho, si mshahara, naye hufanya kazi ile ile na Mkenya aliye karibu naye. Tunataka awe na daftari la kila mtoto, ajue ishara, ajue Breli, abebe mtoto asiyetembea, na apike uji mpishi akiugua. Sisi tukiambiwa mtu mmoja afanye kazi ya gengi zima tungeweka zana chini saa ile ile. Waalimu hawa nao wana chama chao. Wakija kuomba tuwaunge mkono, nataka tawi hili likumbuke jioni ya leo.

Na humu ndani mwetu je? Sitaki mtu ainue mkono. Lakini katika nyumba za wafanya kazi ninazozijua mimi, ninajua watoto watatu wasiotoka nje mchana. Baba yao mmoja yuko hapa, na ni rafiki yangu.

Bwana Mwenyekiti, nina maombi mawili, nami nataka yaandikwe katika kumbukumbu. La kwanza, Kamati itakapokaa na wakubwa wa kazi juu ya masharti mapya, iombe ruhusa ya siku mbili zenye malipo kwa mzazi anayempeleka mtoto wake kupimwa, bila kukatwa likizo. Dada yangu alipoteza wiki ya vikapu; kwa mtu wa shifti ni afadhali kupoteza mtoto, na ndivyo inavyotokea. La pili, mfuko wetu wa elimu, ambao mpaka sasa umewasaidia watoto wa sekondari peke yao, utoe karo ya mafunzo ya ishara kwa mwalimu mmoja wa nasari ya hapa mtaani, ambako watoto wetu wenyewe wanasoma. Nimekwisha kuongea naye. Yuko tayari, anangoja karo. Najua Bwana Mweka Hazina atasema mfuko ni mdogo. Nitamwomba asome hesabu za mwaka jana mbele yetu, hasa ile ya sherehe ya mwisho wa mwaka.

Lile trei la mayai nimekuja nalo, liko mezani pale karibu na chai. Kokwa ziko ndani ya kikombe. Jaribuni kuandika majina yenu huku mmefumba macho. Karatasi ya kujiandikisha kwa wanaotaka mtoto wao apimwe iko kwa Katibu, na haitasomwa mkutanoni.